Fomula Inaishia Homa Bay

Asubuhi, kabla jua halijakolea, mchanga mweupe wa Takawiri, kisiwa cha Ziwa Victoria, hufunikwa na omena. Nyavu kuukuu hutandazwa, samaki humwagwa juu yake, na akina mama hupita katikati wakiwageuza ili upande wa chini nao upate jua. Wavuvi waliokesha ziwani na taa zao wamelala. Mvua ikishuka ghafla, mavuno ya usiku kucha huharibika, na omena waliokuwa waende mezani huuzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku.

Banda la kukaushia samaki, gati, zahanati yenye dawa, boti ya kumkimbiza mgonjwa ng'ambo usiku: hayo yote, kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ni mambo ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limeyataja: uvuvi, vituo vya afya vya kaunti, huduma za ambulensi, feri na bandari. Kwa hiyo mtu wa Takawiri akitaka kujua kwa nini kitu fulani kipo au hakipo kisiwani kwake, jibu lake limo katika bajeti ya Kaunti ya Homa Bay. Nayo bajeti hiyo huanzia mbali, Nairobi, kwenye mabishano ambamo humsikii mtu akimtaja omena.

Hesabu ya kwanza ni nyepesi. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22 Homa Bay ilipata takriban shilingi bilioni 7.8 kutoka mapato ya taifa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika kaunti hiyo. Ukigawanya, kila mtu anaangukiwa na kama shilingi 6,900 kwa mwaka, yaani shilingi 19 kwa siku. Jirani zao wa Migori, watu 1,116,436 na mgao wa takriban bilioni 8, walipata kidogo zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata takwimu hazikubadilika. Katika hizo shilingi 19 mlikuwa na mshahara wa muuguzi, mafuta ya gari la gavana, posho za wawakilishi wadi, barabara ya Ndhiwa, soko la Oyugis na, zikibaki, gati la kisiwani.

Zilivyofika kuwa 19, na wala si 9 au 60, ni habari inayojulikana, imeandikwa, imepigiwa kura na hata kupelekwa mahakamani. Zinavyogawanywa baada ya kufika Homa Bay ni habari nyingine kabisa.

Kwa muda mrefu Kenya haikujisumbua na fomula. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliochora ramani ya uchumi wa nchi changa, ulisema wazi kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kule zitakakozalisha zaidi: kwenye ardhi yenye rutuba na mvua, penye barabara na watu waliokwisha kuchangamkia uchumi wa soko. Waliobaki nyuma wangefaidi baadaye. Waraka huo ulitoka katika wizara iliyoongozwa na Tom Mboya, na kaburi la Mboya liko Rusinga, kisiwa jirani na Takawiri. Mwana wa visiwa alisimamia sera ambayo kwa kipimo chake visiwa havikuwa na nafasi ya kushinda. Si haki kumbebesha yeye peke yake lawama hiyo. Ndivyo wachumi wengi wa zama zake walivyofikiri. Lakini miaka 45 ya kungoja hiyo "baadaye" ndiyo iliyozaa hasira zilizoleta ugatuzi.

Katiba mpya ikaja na masharti. Ibara ya 203 inataka kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato yanayokusanywa na serikali ya kitaifa, ikihesabiwa kwa hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge la Taifa. Hapo kwenye "zilizokaguliwa na kupitishwa" ndipo pana mtego. Wabunge huchelewa kupitisha hesabu, kwa hiyo asilimia hupigwa juu ya mapato ya zamani. Mgao wa 2024/25 wa shilingi bilioni 387.4 ulielezwa kuwa kama robo ya mapato, na watu wakapiga makofi. Lakini yalikuwa mapato ya 2020/21, shilingi trilioni 1.57, mwaka wa janga la korona. Ukitaka kuuona ukubwa halisi wa fungu la kaunti, liweke kando ya bajeti nzima ya taifa: katika mwaka wa 2025/26 kaunti zote 47 zilitengewa bilioni 415 ilhali bajeti ya taifa ilikuwa karibu trilioni 4.3. Hata moja ya kumi haifiki.

Kila mwaka kuna mvutano. Muswada wa Ugavi wa Mapato hukata mkate vipande viwili, cha taifa na cha kaunti, na Bunge la Taifa na Seneti huvutana juu ya kisu. Mwaka 2019 mvutano ulivuka mwanzo wa mwaka wa fedha, magavana wakaenda Mahakama ya Juu, na kaunti zikakaa miezi bila sheria ya kuzipa fedha hadi Septemba, ilipokubaliwa bilioni 316.5. Mwaka 2024 ilikuwa vingine tena. Kaunti zilikuwa zimeshaahidiwa bilioni 400.1. Vijana wakaingia barabarani Juni kuupinga Muswada wa Fedha na kodi zake, Rais William Ruto akauacha, na pengo la mapato likatafutiwa wa kulibeba. Bunge la Taifa lilitaka kaunti zirudishwe hadi bilioni 380, Seneti ikashikilia 400.1, kamati ya upatanishi ikatua kwenye 387.4. Wakati huo kaunti zilikuwa zimekwisha kupitisha bajeti zao kwa tarakimu ya kwanza. Bajeti ikipungua katikati ya safari, mishahara haiguswi. Kinachoguswa ni miradi.

Kukata kwa pili, kati ya kaunti na kaunti, ndiko kwenye fomula. Tume ya Ugavi wa Mapato hupendekeza na Seneti huamua. Fomula ya kwanza iliwapa watu uzito wa asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa ardhi 8, na nidhamu ya matumizi 2. Ya pili haikutofautiana sana. Ya tatu, mwaka 2020, ilikaribia kuipasua Seneti. Kulikuwa na waliodai "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", na kulikuwa na kaunti za kaskazini na pwani zilizoona kwamba zingepoteza mabilioni. Vikao vilivunjika kimoja baada ya kingine. Agosti 17 maseneta watatu, Cleophas Malala, Steve Lelegwe na Christopher Lang'at, wakakamatwa na polisi. Mwezi mmoja baadaye ukapatikana mwafaka, na siri ya mwafaka ilikuwa pesa: serikali iliahidi kuongeza mkate kutoka bilioni 316.5 hadi 370 ili asiwepo wa kupunguziwa.

Inafaa kuisoma fomula hiyo ya tatu ukiwa umesimama Takawiri. Idadi ya watu ilipewa asilimia 18, afya 17, kilimo 10, huduma za mijini 5, umaskini 14, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, na mgao wa msingi 20. Barabara ina uzito wake. Boti haina. Ardhi ina uzito wake. Maji hayana. Nyaraka za mipango za Homa Bay zinasema eneo lote la kaunti ni zaidi ya kilomita za mraba 4,200, na kati ya hizo 1,227 ni ziwa. Ziwa hilo lina wakazi, lina shule zilizo ng'ambo yake, lina wagonjwa wanaovushwa usiku, lina ajali. Kila mfuko wa saruji uendao Takawiri hupakiwa Mbita, upande wa bara, huvushwa na kupakuliwa tena kwa mabega, na gharama hiyo haionekani popote katika fomula iliyodai kupima gharama za kutoa huduma. Nchi nzima iliyaona maji hayo tarehe 1 Juni 2025, sherehe za Madaraka zilipofanyiwa Homa Bay na mada ikiwa uchumi wa buluu. Hotuba zilikuwa nzuri. Fomula ya nne, iliyopitishwa na Seneti mwaka huo huo kwa ajili ya miaka mitano kuanzia 2025/26, iliachana na vigezo vingi vya huduma: kila kaunti ilibaki na kiwango chake cha 2024/25, kaunti 12 zikaongezwa bilioni 4.46 za kuinuliwa, na kilichosalia kikagawanywa kwa watu, mgao sawa, umaskini na ukubwa wa eneo. Si kwamba hapo kisiwa kilipata jina.

Hata hivyo, mwenye kulia kwamba fomula imeionea Homa Bay ajiangalie. Kuna jambo moja ambalo fomula zote nne zimelifanya vizuri: zimemwezesha mtu wa Homa Bay, Mandera au Lamu kujua mapema ni kiasi gani kitakuja, bila kumlamba miguu waziri. Na kwa Lamu limekuwa jambo kubwa. Kaunti ya Lamu ina watu 143,920 kwa sensa hiyo hiyo ya 2019, na katika mwaka wa 2021/22 ilipata takriban bilioni 3.1. Hiyo ni zaidi ya shilingi 21,500 kwa kila mtu, mara tatu ya mtu wa Homa Bay na karibu mara tano ya mtu wa Nairobi. Sababu kubwa ni ule mgao wa msingi: kila kaunti hupata fungu lake kwa kuwa tu ni kaunti, iwe na watu laki moja na nusu au milioni nne. Mtu wa Pate au Kiwayu ni mwana wa kisiwa kama wa Takawiri. Tofauti ni kwamba visiwa vya Lamu vimo ndani ya kaunti iliyo ya visiwa, na Takawiri ni ncha ya kaunti ambayo kitovu chake kiko bara.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Ibara ile ile ya 203 inataka ugavi uzingatie tofauti za kiuchumi kati ya kaunti na pia ndani ya kaunti. Kwa ile ya kwanza Kenya imejenga tume, imetunga fomula nne, imepigana Seneti na kukamata maseneta. Kwa ile ya pili karibu hakuna kitu. Fedha za mgao zinasafiri na karatasi yake kutoka Nairobi hadi Homa Bay. Kutoka Homa Bay hadi Mbita, kisiwa cha Mfangano na Takawiri zinasafiri kwa mazungumzo.

Tume yenyewe ililigundua hilo mapema, kwa njia ya Hazina ya Usawazishaji. Hii ni nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, iliyowekwa na Ibara ya 204 kwa miaka 20 ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme sehemu zilizosahauliwa. Sera ya kwanza ilichagua kaunti 14, karibu zote za kaskazini na pwani. Ya pili, ya mwaka 2018, iliacha kutazama kaunti nzima nzima ikashuka hadi vitongoji, ikapata maeneo 1,424 katika kaunti 34. Maana yake ni nyepesi kueleweka: wastani wa kaunti huficha. Kaunti inaweza kuonekana na hali ya kati huku kona zake zikiwa katika hali ya Turkana. Kwa bahati mbaya hazina hiyo ni ndogo, na kwa miaka mingi fedha zake zilikwama kwenye kesi na kanuni.

Sasa tuingie ndani ya kaunti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, lakini bajeti huanza kupikwa karibu mwaka mzima kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga tarehe. Mwishoni mwa Agosti mkuu wa fedha wa kaunti hutoa waraka wa kuanza kazi. Septemba 1 mpango wa maendeleo wa mwaka huwa umefikishwa katika bunge la kaunti. Februari 28 huwasilishwa waraka wa mkakati wa fedha. Aprili 30 makadirio yenyewe hufika mbele ya wawakilishi wadi, na kabla ya Juni 30 sheria ya matumizi huwa imepitishwa.

Wananchi wengi hulijua tukio la Aprili na Mei, kwa sababu ndipo matangazo ya vikao vya ushirikishaji wa umma hutapakaa na watu hukusanywa ukumbini, hupewa soda na kusikiliza. Tarehe yenye uzito, ambayo haitajwi sana, ni ile ya Februari. Waraka wa mkakati ndio unaoweka dari: afya isizidi hapa, uvuvi usizidi pale, barabara hivi. Bunge la kaunti lina siku 14 za kuupitisha. Baada ya hapo, kwa kanuni za 2015, wawakilishi hawawezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya dari yake, na kila wanachoongeza hapa lazima wakikate pale. Kwa hiyo mzee wa Takawiri anayepanda boti mwezi Mei kwenda Mbita kudai gati anadai kitu ambacho nafasi yake ilijazwa Februari. Atasikilizwa kwa heshima. Jina lake litaandikwa katika orodha ya waliohudhuria, na orodha hiyo itaambatanishwa kama ushahidi kwamba umma ulishirikishwa.

Nauli ya boti amelipa mwenyewe. Kwa mtu wa Rangwe, bara, kikao ni safari ya bodaboda. Kwa mtu wa kisiwani ni siku nzima, na upepo wa mchana ukichafuka ni siku mbili. Sheria haikumkataza kushiriki. Ziwa ndilo lililomkataza, na hakuna fungu la bajeti la kulijibu ziwa.

Tuseme lakini amefika, na dari zipo. Ndani ya dari kuna nini? Kwanza kuna mishahara. Kanuni zinataka isizidi asilimia 35 ya mapato, na sheria inataka maendeleo yapate si chini ya asilimia 30. Kaunti nyingi hutimiza sharti la pili kwenye karatasi na kulivunja kwenye matumizi. Taarifa za Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, zimelirudia jambo hilo mwaka baada ya mwaka hadi limeacha kuwa habari. Namna linavyotokea ni hivi. Kaunti hukadiria mapato yake ya ndani kwa matumaini makubwa, kwa sababu bajeti lazima ilingane, na matumaini ni rahisi kuandika. Mwaka ukienda, makusanyo hayafiki. Hazina ya Kitaifa nayo huchelewesha migao ya mwezi. Fedha kidogo inayofika hulipa mishahara kwanza, maana wauguzi wakigoma hospitali hufungwa. Maendeleo hungoja. Mwisho wa Juni fedha nyingi huja kwa mkupuo, siku chache kabla ya vitabu kufungwa, na mwanakandarasi aliyejenga darasa la chekechea Novemba hukuta bado yumo katika orodha ya wanaodai. Kufikia Juni 2024 madeni ya kaunti kwa watoa huduma yalikuwa yamepita shilingi bilioni 170 nchi nzima. Ni rahisi kuwacheka makandarasi kwa bei zao za kuruka. Lakini mwenye duka la vifaa Mbita ambaye amengoja miaka mitatu kulipwa ataandika riba yake ndani ya zabuni ijayo, na safari ya maji ataiongeza juu.

Kwa upande wa makusanyo ya ndani, Homa Bay imefanya jambo la kutazamwa. Katika 2021/22, mwaka wa mwisho wa Gavana Cyprian Awiti, ilikusanya chini ya shilingi milioni 200. Katika 2023/24, chini ya Gladys Wanga, ilivuka bilioni 1. Kuhamisha malipo kutoka mkono wa mkusanyaji hadi kwenye simu na mfumo mmoja wa kaunti kuliziba mianya mingi, hilo halina ubishi. Ila sehemu kubwa ya ongezeko inatoka hospitalini, ada zinazolipwa na wagonjwa na bima, na tangu sheria ya 2023 ya kuboresha vituo vya afya fedha hizo hubaki katika kituo kilichozikusanya. Kwa hospitali ya rufaa ya kaunti hilo ni neema. Kwa zahanati ndogo ya kisiwani, ambako huduma nyingi za msingi hazilipishwi na wagonjwa wazito huvushwa ng'ambo, kubaki na kile ulichokusanya ni kubaki na kidogo. Mgonjwa wa Takawiri anayelazwa Homa Bay mjini huongeza mapato ya Homa Bay mjini. Ni kanuni ya haki ambayo, ikifika majini, inageuka.

Na ushuru wa samaki je? Hutozwa pale samaki wanapoteremshwa na kuuzwa, na soko kubwa liko bara. Omena wa Takawiri hupita Mbita, hupanda lori, huishia soko la Gikomba, Nairobi. Mwenye kuangalia kitabu cha mapato cha kaunti anaona Mbita ikichangia. Takawiri haionekani.

Upande wa Migori kuna mfano uliotia chumvi kwenye kidonda hiki. Migingo, jabali lisilozidi nusu ekari katika maji ya Nyatike, lilihesabiwa watu 131 katika sensa ya 2009. Kwa kigezo chochote cha idadi au ardhi ni sifuri. Kumbe thamani yake ilikuwa samaki, mbuta waliojaa katika maji ya jirani, na ndiyo maana tangu 2004 maofisa wa Uganda walikuwa wakitoza ada wavuvi wa Kenya pale pale, na nchi mbili zikakaribia kupigana. Jiwe lisilo na nafasi katika fomula ya ugavi lilikuwa na nafasi kubwa katika ukusanyaji. Anayetoza huliona ziwa vizuri sana.

Rudi kwenye ukumbi wa bunge la kaunti. Homa Bay ina wadi 40, Migori pia 40. Kila mwakilishi anajua kwamba atarudi kwa wapiga kura akiulizwa ameleta nini, na kwa hiyo shinikizo la kawaida ni kugawa miradi sawa kwa sawa: kila wadi kisima, kila wadi darasa, kila wadi kilomita kadhaa za barabara. Inaonekana haki. Kilomita tatu za murramu katika wadi moja ya Kasipul, bara, ni kilomita tatu. Katika wadi ya Mfangano, yenye Takawiri ndani yake, barabara haitoki kisiwa kimoja kwenda kingine. Na pesa ile ile inayojenga vyumba viwili bara huenda ikajenga kimoja na ukuta kisiwani. Mgawo sawa wa shilingi si mgawo sawa wa vyumba.

Njia ya pili ni ile ya mkubwa: miradi mikuu hupangwa na ofisi ya gavana, na huwekwa penye watu wengi, penye barabara, panapoonekana. Hiyo nayo ina mantiki yake. Hospitali ya rufaa haiwezi kuwa kisiwani. Lakini zikichanganywa, njia ya wadi na njia ya mkubwa, kisiwa hupoteza katika zote mbili: katika ya kwanza kwa gharama, katika ya pili kwa idadi. Ndiyo mantiki ya Waraka wa 1965, imeshuka ngazi moja tu. Peleka penye faida. Wengine watafaidi baadaye.

Ipo njia ya tatu, na wala haihitaji kubuniwa. Mji wa Porto Alegre, Brazil, ulipoanza kuwaachia wakazi sauti katika bajeti mwaka 1989, haukuishia kwenye mikutano. Uligawa fedha kati ya mitaa kwa hesabu ya mambo matatu: wakazi wametaka nini kwanza, wako wangapi, na wanakosa huduma hiyo kwa kiasi gani. Kigezo cha tatu ndicho kilichowainua wa pembezoni, kwa sababu mtaa mdogo usio na maji kabisa uliweza kuupiku mtaa mkubwa wenye mabomba. Karibu zaidi, Kaunti ya Elgeyo Marakwet, ambayo ardhi yake huporomoka kutoka nyanda za juu hadi bonde kame la Kerio, ilijikuta na ugomvi ule ule wa juu na chini. Mwaka 2015 bunge lake lilipitisha sheria ya maendeleo yenye usawa, inayoeleza kwa fomula jinsi fedha za maendeleo zitakavyogawanywa kati ya wadi zake 20. Sheria hiyo haikumaliza malalamiko. Ila anayelalamika Tot au Kapsowar anaweza kushika karatasi na kusema fungu letu lilipaswa kuwa kiasi fulani, mmetupa kiasi fulani, tofauti iko wapi.

Nchini Tanzania, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, Ukerewe ni wilaya yenye halmashauri yake, kwa hiyo kisiwa kina meza ambayo bajeti yake inaandikwa kisiwani. Kenya haitazigawa kaunti tena ili Mfangano na Takawiri zipate meza yao. Katiba imezifunga katika 47, na wachache wangetaka kulipia gavana wa arobaini na nane.

Kilichobaki ni sheria ya kaunti, kama ya Elgeyo Marakwet, yenye kigezo kimoja ambacho Elgeyo Marakwet haikukihitaji: gharama ya kuvuka maji. Si hesabu ngumu. Bei ya mfuko wa saruji Mbita inajulikana, na bei yake ukifika Takawiri inajulikana. Tofauti hiyo ndiyo kigezo. Mafuta ya boti kutoka Sena, kisiwani Mfangano, hadi Mbita kwa mgonjwa mmoja yanajulikana. Hakuna anayehitaji mshauri kutoka Nairobi kuyapima. Zinazohitajika ni kura bungeni, na wadi za visiwa Homa Bay ni mbili kati ya 40: Rusinga na Mfangano. Rusinga imeunganishwa na bara kwa daraja la Mbita, na magari hupita juu yake mchana na usiku. Inabaki moja.